Pesa ya Dhamana Haikai Kwenye Hisa

(Mada niliyoitoa kwenye kambi ya mafunzo ya vijana, kipindi cha mchana. Nimeinyoosha kidogo kwa ajili ya wale ambao hawakufika, lakini maneno ya mdomoni nimeyaacha mengi.)

Nimepangiwa saa nane, baada ya wali na maharage, saa ambayo hata hakimu anasinzia. Nitajitahidi.

Kwenye ratiba wameandika "Vijana na uwekezaji". Mada hiyo ni ndefu kuliko kambi yote, kwa hiyo nimeikata. Nitaongelea jambo moja: bei ya hisa inapopanda na kushuka hovyo, mtu anakaaje bila kupaparika?

Nimelichagua kwa sababu lipo mezani kwetu. Kikao kilichopita ililetwa hoja kwamba mfuko wetu wa dharura, ule tunaochangia kila mwezi kwa ajili ya dhamana, nauli za mahakamani na chakula cha walio ndani, tuuhamishie kwenye hisa ili "uzae". Hoja aliileta kaka yetu kwa nia njema kabisa. Ameona hisa za benki zimepanda, akaona sisi tumelaza pesa. Kikao kijacho tunapiga kura. Mimi nitaipinga, na nasema mapema ili asije mtu akadhani nawazungukia. Ila siipingi kwa sababu hisa ni mbaya. Mimi mwenyewe ninazo chache, nilizinunua kwa vijisenti vya bumu, na mkinikuta nazo uzeeni msishangae.

Watu wengi wanadhani utulivu ni tabia. Kwamba kuna watu wana damu baridi, bei ikishuka wanakunywa chai, na wengine tuna presha, tumeumbwa hivyo. Mimi sikubaliani. Nikiangalia waliopata na waliopoteza, naona utulivu wao ulishaamuliwa siku waliyonunua. Walinunua kwa pesa ipi, kwa sababu ipi, na je, kuna mahali waliandika? Siku bei inashuka unavuna tu ulichopanda.

Twende Nairobi, mwaka 2008. Kenya imetoka kwenye machafuko ya baada ya uchaguzi, watu wamezika. Mwishoni mwa Machi serikali inafungua mauzo ya asilimia 25 ya Safaricom kwa umma: hisa bilioni 10, kila moja shilingi 5 za Kenya. Foleni zikafika barabarani. Waombaji walizidi laki nane. Benki nazo zikaona mchongo, zikatoa mikopo ya kununulia hisa, na watu wakakopa.

Hebu tumfuate mmoja kwa hesabu. Amekopa laki moja ya Kenya, ameomba hisa 20,000. Maombi yakawa zaidi ya mara nne ya hisa zilizokuwepo, kwa hiyo mwananchi wa kawaida akaambulia karibu moja ya tano ya alichoomba. Tuseme kapata hisa 4,000, thamani yake shilingi 20,000. Zile 80,000 zinasubiri kurudishwa, na riba ya laki nzima inatembea.

Tarehe 9 Juni 2008 hisa zikaanza kuuzwa sokoni, siku hiyohiyo bei ikavuka shilingi 7. Vigelegele. Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka Marekani, wawekezaji wa nje wakaanza kuchomoa pesa kwenye masoko madogo kama la Nairobi, na mwanzoni mwa 2009 hisa ileile ilikuwa chini ya shilingi 3. Zile 4,000 hazifiki hata shilingi 12,000. Na benki inataka rejesho mwisho wa mwezi.

Sasa mweke pembeni yake jirani aliyenunua hisa 4,000 kwa pesa yake mwenyewe, pesa ambayo hakuwa na mpango nayo kwa miaka mingi. Siku ile bei iko chini ya 3, hawa wawili wana hisa ileile, kampuni ileile, habari zilezile kwenye gazeti. Mmoja atauza, mwingine atabaki. Mwaka 2021 hisa hiyo ilivuka shilingi 40. Aliyebaki, zile za 20,000 zilikuwa na thamani ya zaidi ya 160,000, bado sijahesabu gawio la miaka yote hiyo katikati.

Mtu atasema jirani alikuwa na moyo mgumu. Hapana jamani. Jirani hakuwa anadaiwa, basi. Ukimpa deni lile, na yeye angeuza.

Hapa ngoja niwarudishe darasani kidogo, mnivumilie. Mwaka wa kwanza wa sheria kuna kesi ambayo kila mwanafunzi anaijua hata kama anakuja darasani kusaini tu: Salomon dhidi ya Salomon, ya Uingereza, 1897. Inatufundisha kwamba kampuni ni mtu wake na mwenye hisa ni mtu wake. Kampuni ikifa ina madeni ya mabilioni, wadai hawawezi kuja kuchukua mbuzi wako. Unachopoteza ni kile ulichoweka, kinaishia hapo. Sheria yetu ya Makampuni, Sura ya 212, imejengwa juu ya ukuta huohuo, na ukuta huo ndio unaomfanya mtu wa kawaida athubutu kununua hisa.

Sasa wewe unakwenda kwa wale jamaa wa kausha damu, unakopa, unanunua hisa. Umeubomoa ukuta kwa mkono wako mwenyewe. Hisa ikishuka, wadai wa kampuni hawaji, ila wa kausha damu anakuja, na friji lako analifahamu lilipo. Sheria imekupa kinga kubwa kuliko zote zilizopo sokoni, wewe umeilipia riba ili uivue. Kwa hiyo mkinisikia nakataa mkopo wa hisa, hata wa ndugu, hata wa kikoba, sababu ndiyo hiyo. Na ada ya mwakani ni deni pia, hata kama hakuna aliyekukopesha. Kodi ya chumba ni deni. Dhamana ya mwenzetu ambaye hajakamatwa bado, samahani kusema hivi, hiyo nayo ni deni ambalo tarehe yake hatuijui.

Tuje nyumbani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, TOL. Leo unaweza kununua kwa simu kupitia Hisa Kiganjani, ukiwa kitandani. Jambo zuri. Lakini wepesi wa kununua unatudanganya kwamba na kuuza ni wepesi vilevile.

Soko letu ni dogo. Zipo hisa zinazotembea kila siku, na zipo ambazo zinaweza kukaa wiki nzima hazijapata mnunuzi wa maana. Ukiona bei kwenye simu "haijashuka", wakati mwingine maana yake ni kwamba hakuna aliyeuza wala kununua. Ni bei ya ukutani, kama ile ya duka lililofungwa. Mnakumbuka Vodacom Tanzania mwaka 2017? Sheria ilizilazimisha kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma. Hisa ikauzwa shilingi 850. Watu wengi walinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani mwao pale. Miaka mitano baadaye, 2022, bei ilikuwa chini ya 850, na kupata wa kumuuzia ilikuwa kazi kweli kweli. Kampuni haikufa, minara ipo, mnaongea nayo mpaka sasa. Ila aliyetegemea pesa ile imtoe kwenye shida siku fulani, haikumtoa.

Halafu CRDB. Mwaka 2009 waliuza hisa kwa umma kwa shilingi 150. Zikapanda vizuri katikati, zikashuka tena, na mwaka 2019, miaka kumi kamili, zilikuwa chini ya ile 150 ya mwanzo. Fikiria miaka kumi! Mtu ameoa, amezaa, mtoto yuko darasa la tatu, hisa iko chini ya alipoianzia. Mwishoni mwa 2024 zilikuwa zimevuka 600. Kaka yetu aliyeleta hoja anaiona hiyo 600. Mimi namwomba aitazame na ile 2019, kwa sababu mfuko wetu ungeipitia na ile.

Jambo la ada nalipitia haraka, ingawa ndilo linalokula wengi. Ukinunua unalipa kamisheni na tozo, ukiuza unalipa tena. Kwa mtaji mdogo kama wetu, weka kama asilimia 2 kila upande. Anayenunua na kuuza mara nne kwa mwaka ameshaacha kama asilimia 16 njiani kabla hajajua kama amepata au amekosa. Mimi nikisikia mtu anasema "nacheza hisa", najua anaichukulia kama mkeka. Tofauti ni kwamba mkeka ukichanika unajua usiku huohuo.

Na hesabu nyingine ndogo, iandikeni. Hisa ikishuka kutoka 1,000 hadi 500 imeshuka asilimia 50. Ili irudi 1,000 inatakiwa ipande asilimia 100. Ndiyo maana mtu aliyeumia huwa ana haraka ya kurudisha, anauza iliyoshuka ananunua inayopanda, na haraka hiyo ndiyo inayommaliza.

Sasa dawa. Mimi naiita karatasi, sina jina zuri zaidi. Kabla sijanunua chochote naandika ukurasa mmoja kwa mkono. Naandika kampuni hii inapata pesa kutoka wapi, kwa maneno ambayo shangazi yangu anaweza kuyaelewa. Nikishindwa kuandika hapo, sinunui, safari imeishia hapo. Naandika kwa nini nanunua kwa bei ya leo. Naandika pesa hii sitaihitaji mpaka mwaka gani. Halafu sehemu mbili ambazo ndizo roho ya karatasi: yapi yakitokea nitauza, na yapi yakitokea sitauza.

Kwenye ya kuuza naweka mambo ya kampuni yenyewe. Mkaguzi wa hesabu ameweka mashaka. Taarifa za fedha zinachelewa bila maelezo. Wakurugenzi wanaondoka mmoja mmoja. Madeni yanakua kuliko mauzo, mwaka wa pili mfululizo. Kwenye ya kutouza naweka: bei kushuka peke yake. Habari ya kwenye grupu. Hotuba ya mwanasiasa, hata kama ni wa kwetu. Na nimejiwekea kwamba hata sababu ya kuuza ikitokea, siuzi siku hiyohiyo. Nalala siku tatu nikisoma, halafu ndiyo naamua.

Kisheria karatasi hii haina nguvu yoyote. Mkataba unataka pande mbili, na mimi siwezi kujishtaki mwenyewe. Ndiyo maana nakala moja anakaa nayo mwenzangu tunayeishi naye chumba kimoja hosteli. Hajui lolote kuhusu hisa, anasomea ualimu. Kuna wiki hisa zangu zilishuka mfululizo, nikawa nafungua simu kila baada ya dakika chache, chakula hakipandi. Akaniangalia, akavuta droo, akatoa nakala yake, akaniuliza, "Kati ya haya uliyoandika, lipi limetokea?" Nikasoma. Hakuna hata moja. Akairudisha kwenye droo, akaendelea kusahihisha daftari za mazoezi. Nikazima simu nikaenda kufua. Hisa zile ninazo mpaka leo.

Siwaambii zilipanda kiasi gani, maana mtatoka hapa mnakumbuka hicho tu.

Nakuja kwenye udhaifu ambao ni wa kwetu sisi, watu wa siasa. Mfanyabiashara wa Kariakoo akisikia habari ya uchaguzi anajiuliza mzigo wake utafika lini. Sisi tukisikia habari hiyohiyo tunaruka, kwa furaha au kwa hasira. Kila tukio ni letu. Sasa mtu wa namna hii ukimpa kitufe cha kuuza na kununua hisa, yuko kwenye hatari kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfano wake ni Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2017. Mahakama ya Juu ya Kenya, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, inafuta matokeo ya uchaguzi wa rais. Haijawahi kutokea Afrika. Sisi wa sheria hukumu ile tunaisoma kama watu wanavyosoma barua ya mchumba. Wapinzani wanacheza barabarani. Siku hiyohiyo, mji huohuo, soko la hisa linaporomoka kwa kasi mpaka biashara inasimamishwa kwa muda ili watu wapumue. Hisa ya Safaricom ni kati ya zilizopigwa.

Mnaona? Tukio moja. Mahakamani ni ushindi wa katiba, sokoni ni hofu. Soko halina chama. Halikuwa linasema hukumu ni mbaya. Lilikuwa linasema sijui kesho kutakuwaje, na likiwa halijui linashusha bei. Aliyeuza saa ile kwa taharuki aliuza kwa bei ya mtu asiyejua kesho. Na siasa za Kenya hazikutulia haraka, kulikuwa na uchaguzi wa marudio Oktoba na mvutano mpaka mwaka uliofuata. Hata hivyo kabla ya katikati ya 2018 hisa ya Safaricom ilikuwa imevuka shilingi 30, juu ya ilipokuwa kabla ya hukumu. Minara ilikuwa inafanya kazi. M-Pesa ilikuwa inatuma pesa za wanaoshangilia na wanaolia.

Nawaomba tu, siku tukishinda msinunue kwa furaha, na siku tukiibiwa msiuze kwa uchungu. Sokoni tusubiri.

Na kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa semina za uwekezaji pale mahotelini hawalijui. Sisi tunaweza kukaa bila simu. Sheria inasema saa 24 ufikishwe mahakamani, ila humu ndani wapo wanaojua kuhesabu siku nne, tano. Mtandao nao ukibanwa wakati wa uchaguzi, kama tulivyoonja Oktoba 2020, hisa zako zinakaa huko na wewe huku. Kwa hiyo kipimo changu kwa kamanda yeyote anayenunua hisa ni hiki: ukipotea wiki mbili bila simu, je, kuna kitu kitaharibika? Kama jibu ni ndiyo, umenunua kitu kisichofaa maisha yako. Hisa zinazotaka uzitazame kila saa waachie watu wenye ofisi na umeme wa uhakika. Mimi naangalia bei Jumamosi asubuhi mara moja kwa mwezi. Taarifa za kampuni nasoma zikitoka, hizo hazina ratiba yangu.

Nilipofika hapa dada mmoja alinyoosha mkono akauliza: basi ukishanunua unalala tu? Swali zuri sana, na limenisaidia, kwa sababu kuna watu wametulia mpaka wamezikwa na hisa zao.

Mumias, kampuni ya sukari ya magharibi mwa Kenya, iliuzwa kwa umma mwaka 2001. Wakulima wa miwa wenyewe walikuwa na hisa. Ilikuwa kampuni kubwa kweli. Kisha uzalishaji ukaporomoka, hasara juu ya hasara, serikali ikaingiza pesa za kuiokoa, wapi. Mwaka 2019 benki inayoidai ikaiweka chini ya mfilisi, na hisa haziuziki. Aliyekuwa anajisemea "mimi ni mvumilivu" miaka yote ile alikuwa anavumilia kitu kinachokufa mbele ya macho yake, na kila taarifa ya mwaka ilikuwa inamwambia. Kenya Airways, biashara ya hisa zake ilisimamishwa Julai 2020 na ikarudi Januari 2025. Miaka minne na nusu, huwezi kuuza hata ukitaka.

Hata Safaricom yetu ya mfano, msitoke hapa mkiiimba. Aliyeinunua kwa 40 na kitu mwaka 2021 aliishuhudia ikiwa chini ya 15 mwaka 2023. Kampuni ileile! Wageni walikuwa wanaondoa pesa, hati fungani za serikali zinalipa riba nono, na kampuni inamwaga mtaji mkubwa Ethiopia. Huyu wa 2021, karatasi yake ilisemaje? Kama iliandika "nanunua kwa sababu inapanda", basi bei ilipoacha kupanda alibaki hana hata sababu ya kushikilia. Kama iliandika kuhusu gawio na M-Pesa, alikuwa na cha kukagua. Kutulia kunataka kazi, dada yangu. Unaacha kutazama bei ili upate muda wa kutazama kampuni.

Na kagua pia kwamba hisa zako zipo. Machi 2008, mwezi uleule wa foleni za Safaricom, kampuni ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na wateja walilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila wao kujua. Dai taarifa ya akaunti yako ya hisa angalau mara moja kwa mwaka, isome jina na idadi. Hapa kwetu dalali lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hiyo "dhamana" ya kwenye jina lao siyo ile yetu ya polisi, ingawa nakubali lugha yetu imetuchezea hapo. Akija mtu anakuambia ana hisa zisizoshuka, faida ya uhakika kila wiki, huyo si dalali. Wenye umri wa kuikumbuka DECI ya 2009 na "kupanda mbegu" wataelewa, walio wadogo waulize wazazi, taratibu lakini, wengine bado inauma.

Basi turudi kwenye hoja yetu.

Mfuko wetu upitishe kwenye yote niliyosema. Pesa yake inahitajika lini? Hatujui, pengine kesho alfajiri. Soko linaweza kutupa pesa kesho alfajiri? Haliwezi. Hata ukipata mnunuzi leoleo, malipo yanachukua siku za kazi kabla hayajafika. Mwenzetu atalala ndani tukisubiri hisa ziuzwe, na tutaziuza kwa bei yoyote ile, siku ambayo pengine ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu siku wanapokamatwa watu wengi ndiyo siku soko nalo lina hofu. Tutakuwa kama yule wa mkopo wa 2008, ila benki yetu ni mama wa kamanda aliye ndani, anapiga simu.

Halafu zitaandikwa kwa jina la nani? Mfuko wetu haujasajiliwa. Tukiziandika kwa jina la mweka hazina, daftari la wanahisa linamtambua yeye, halitutambui sisi. Namwamini sana mweka hazina wetu. Lakini akifariki leo, Mungu apishe mbali, tutakuwa kwenye mirathi tukigombana na wadogo zake.

Pendekezo langu ni kwamba mfuko wa dharura ubaki ulipo, kwenye akaunti inayotoka siku hiyohiyo kwa saini mbili. Haizai, sawa. Kazi yake haikuwa kuzaa. Wanaotaka hisa, na mimi nimo, tuanzishe kikundi tofauti, tukisajili, kila mtu aweke pesa yake isiyo na kazi kwa miaka mitano. Asiyekuwa nayo sasa hivi asione aibu. Nusu ya ukumbi huu hatuna ajira na hatuko hapa kudanganyana. Kila tukinunua, karatasi iandikwe kwanza na isomwe kwa sauti mbele ya wote. Kuuza kuamuliwe na kikao, kisicho cha dharura, baada ya siku saba tangu hoja iletwe. Na mtu akitaka kutoka kabla ya muda, anunuliwe na mwenzake ndani ya kikundi kama yupo, badala ya kutulazimisha sote kukimbilia sokoni.

Nimeandika rasimu ya kanuni, kurasa mbili. Nakala ziko kwa Katibu. Kifungu cha sita kina mapengo, nimeyaacha makusudi, kwa sababu kiasi cha chini cha kuingilia siyo mimi wa kukipanga. Kaka aliyeleta hoja ya kwanza nimeshamwomba tukae naye kabla ya kikao, amekubali, ila amesema bado atatetea ya kwake. Tutakutana kwenye kura.

Maswali, Mwenyekiti akiruhusu.